Shibiri ya Nani?

Jumatano, Mfungo Tano. Joto la kunata, upepo umegoma, paka wote wa mtaa wamehamia chini ya mtungi wangu wa maji.

Ah, umekuja! Tangu Ramadhani hujatia mguu hapa, hujauliza Mwanaidi yu hai au keshazikwa, leo ndiyo waja kuchungulia kama jirani aliyesikia harufu ya pilau. Haya, vua viatu, kaa. Hasira ninayo, lakini maneno ninayo mengi zaidi, basi hasira ingoje nje.

Kwa usiyenijua: mimi ni bibi wa wajukuu tele, shule sikuenda, juzuu nilihitimu, na haya yote unayoyasoma nayasema kwa mdomo, simu ndiyo inayoandika. Simu yenyewe haijui Kiamu, Kiswahili chetu cha kisiwani. Nikisema “nti”, yaani nchi, inaniletea mambo ya ajabu, basi naisemesha taratibu kama msoma habari wa redio. Ukiona Kiswahili changu kimevaa koti, ndiyo sababu.

Leo nina wivu.

Tena si wivu wa kuchekesha wageni. Ni ule unaokaa chini ya ziwa la kushoto kama mwiba wa samaki, ukivuta pumzi unachoma, ukinyamaza unachoma. Nimekuwa nao mwezi mzima na nimechoka kuubeba peke yangu.

Nianze na mume wangu. Bwana Shee alikuwa dereva wa lori kule bara. Akipakia gatini Mokowe, akishusha mjini, akirudi na simsim na mahindi ya watu wa Kililana. Lori halikuweza kuvuka maji likaja kisiwani, kwa hivyo yeye ndiye aliyevuka. Siku za kazi alikuwa wa lori, Ijumaa alikuwa wangu. Nililionea wivu lori hilo miaka mingi. Nilipopata kulipanda, bado bibi harusi, nilikaa mbele nimeshika buibui kwa meno, na nikaona anavyolipigapiga shingoni kama punda mpendwa. Nikajua nimeolewa uke wenza.

Lori lilizeeka, likauzwa kama vyuma. Mwaka jana Bwana Shee naye akapatwa na kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ulirudi kidogo, mkono wa kulia haukurudi. Umejikunja ngumi, na kila asubuhi mimi huupaka mafuta ya simsim ya moto na kuufungua kidole kwa kidole. Adhuhuri haijafika umeshajifunga tena.

Sasa, huko kwenye simu akaona watu wazima wanaunda malori madogo kwa plastiki nyeupe, inaitwa stairini. Laini kukata, ngumu kusimama, unapaka gundi yake majimaji inashikana kama iliyozaliwa hivyo. Macho yakamwaka. Nilikuwa sijaona macho yale tangu alipougua. Akasema anataka lori lake lirudi, akaonyesha kidaka kimoja pale ukutani, kwenye vidaka ambavyo mama mkwe akiwekea sahani zake za kizamani. Lirudi, likae pale, yeye alitazame akiwa kitini.

Nikasema inshallah, nikahamisha sahani. Nilidhani tutaliunda mimi na yeye.

Kumbe ana fundi wake.

Bi Maimuna ni mjane, nyumba ya pili kutoka hapa, mshona kofia. Zile kofia za tundu ndogo ndogo ambazo mwanamume akivaa anatembea polepole ili zionekane. Mkono wake haukosei. Bwana Shee akamwita kwa heshima zote, mlango wazi, pazia limefungwa pembeni, mimi nikiwa humu humu ndani, nisiwe mwongo. Kila baada ya Alasiri anakuja, anakaa kwenye kigoda upande wa kulia wa mume wangu kwa sababu ndiko mwanga unakotoka, anatoa rula na penseli, wanaanza kupanga.

Nami napita na sinia.

Nilikuwa nasikiliza, utadhani natafuta kibiriti. Kwanza walikubaliana ukubwa. Wajuzi wa huko kwenye simu huita moja kwa ishirini na nne. Bwana Shee akasema basi ni rahisi, dhiraa moja ya lori iwe wanda mmoja wa plastiki, upana wa kidole, maana dhiraa ni nyanda ishirini na nne tangu enzi za mababu. Kwa kipimo hicho lori zima linaingia kidakani na nafasi ya kufuta vumbi inabaki. Bi Maimuna akacheka. Akacheka vizuri, na meno yake bado yapo.

Kisha ikaja kuchagua plastiki yenyewe. Sikiliza, usifikiri ni mchezo. Plastiki hii haiji kwa kila kipimo upendacho. Ina vipimo vyake ilivyotoka navyo kiwandani: bapa nyembamba, bapa nene, fito za upana huu na ule, vijiti, mirija, na vipande vyenye umbo la mfereji kwa ajili ya mifupa ya chini ya lori. Wewe unachukua kipimo cha lori la kweli, unakigawa, halafu unatafuta kwenye orodha kilicho karibu. Kikikosekana, unachukua kikubwa kidogo, unakipiga msasa. Ni kama kitambaa cha kanzu: kupunguza utapunguza, kuongeza huongezi.

Hayo nilikuwa nayajua kabla Bi Maimuna hajamaliza kuyasema. Nani hajui! Lakini mimi sikuulizwa.

Sakafu ya lori, bapa la milimita moja. Milango, nusu milimita. Boneti na vile vifuniko vya magurudumu vinavyopinda, robo milimita, maana nene haikubali kupinda, inakupasukia usoni. Na pakitakiwa kitu kilichopinda na chenye nguvu, unagandisha nyembamba mbili, moja juu ya nyingine, zikiwa zimeshapindwa. Hilo la mwisho alilisema Bi Maimuna, ndivyo anavyofanya kwa kofia, na Bwana Shee akapiga paja lake kwa mkono mzima akasema, “Mwanamke huyu angekuwa makanika!”

Mimi nilikuwa nimesimama na birika.

Nikuambie kilichoniuma. Si kwamba namshuku. Bwana Shee akitaka kukimbia na mwanamke itabidi mimi nimvalishe viatu. Kilichoniuma ni kwamba na mimi maneno yake yamekuwa machache: niinue, nigeuze, nipe maji, mafuta yamepoa. Kwa mwenzangu anacheka. Mbele ya Bi Maimuna anaufunika ule mkono kwa kikoi, anakaa wima, anakuwa dereva. Mimi nimeachiwa mwili wa Bwana Shee, na mwenzangu amepewa mazungumzo yake.

Nimeshasema. Haya, endelea kusoma, usinionee huruma.

Basi nikaanza vituko. Kahawa ya Bwana Shee naitia tangawizi, ya Bi Maimuna naiacha kavu. Kikombe chenye ufa kikawa chake. Na Jumatatu nilichukua fagio la makuti nikamfagia miguu, kusudi, mara mbili, maana sisi tunasema mwanamke akifagiwa miguu haolewi tena. Akanitazama, akainua miguu taratibu, akasema, “Ahsante, Bi Mwanaidi, palikuwa na vumbi.”

Mwanamke mpole anaudhi sana.

Shehena ilikuwa imeagizwa mwezi uliopita, kupitia mpwa wetu aliye Mombasa. Leo imefika, kwa basi, kisha kwa boti. Plastiki nyeupe kama meno ya mtoto, imefungwa fungu fungu. Bwana Shee hakula chakula cha mchana vizuri. Alasiri ilipomalizika tu Bi Maimuna akaingia na kisu chake.

Magurudumu yalikuwa yameshakuja zamani. Hayo yalikuwa rahisi: namba ya tairi Bwana Shee anaijua kama jina la mamake, akamtajia mpwa, mpwa akatafuta magurudumu ya mpira ya ukubwa huo huo uliogawanywa, akaleta. Lakini lori lenyewe halina kitabu. Bodi lilichongwa kwa mbao na fundi wa bara, na fremu iliongezwa urefu kwa kuchomelewa. Vipimo vyake vimo kichwani mwa Bwana Shee peke yake, kwa shibiri. Upana wa kitanda cha mizigo shibiri kumi. Ubavu shibiri tatu. Kila ubao, shibiri moja. Akitaja, Bi Maimuna anapiga hesabu, na kwa hesabu hizo ndipo fito na mifereji vikaagizwa.

Walianza na mifupa ya chini na sakafu. Kata, paka gundi, bonyeza, subiri. Mimi niko mlangoni mwa jikoni, napepeta mchele ambao nilikuwa nimeshaupepeta. Kisha Bi Maimuna akaliweka juu ya magurudumu.

Magurudumu yalitoka nje pande zote mbili. Lile lori lilikuwa kama mtoto aliyevaa makubadhi ya babake akaenda nayo msikitini. Bi Maimuna akaligeuza. Akapima tena na rula, akapima tena. Kila kitu kilikuwa sawasawa na alivyoandika.

“Labda magurudumu ndiyo makubwa,” akasema.

“Magurudumu hayana kosa,” Bwana Shee akasema. “Namba ile siwezi kuikosea.” Halafu akalitazama lile dude, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo. “Nimelisahau. Nimelisahau lori langu.”

“Hujalisahau, Bwana Shee,” Bi Maimuna akasema.

“Nimelilalia na kuliamkia umri wangu wote, na upana wake sijui. Basi kiharusi kimeniingia kichwani pia. Leo lori, kesho majina ya wanangu.” Akalisukuma kwa mkono wa kushoto. “Liondoe. Yote hayo yaondoe, wape watoto wachezee. Mwanaidi, rudisha sahani za mama.”

Sasa nitakwambia jambo, na ukitaka kuniacha uniache.

Nilifurahi.

Kabla ya kitu kingine chochote, nilifurahi. Nilisema moyoni: haya, Bi Makanika, funga kisu chako uende. Furaha ile ilikaa kwangu kama urefu wa kupiga chafya. Kisha nikaona kikoi kinatikisika juu ya mapaja ya mume wangu. Ni ile ngumi iliyo chini yake. Akiwa na huzuni ngumi hujikaza mpaka kucha zinaingia kiganjani, na ni mimi ninayeyaosha yale majeraha. Furaha ikanikauka mdomoni.

Bi Maimuna alikuwa karibu kulia. “Lakini aliniambia shibiri tatu ubavu,” akanigeukia mimi, kama mtu anayetaka shahidi. “Na tatu nimepima, Bi Mwanaidi, tazama!” Akakitandaza kiganja chake mezani, gumba huku, kidole cha mwisho kule. Moja, mbili, tatu.

Nikakitazama kile kiganja. Kiganja cha kushonea kofia, kidogo, kizuri, unaweza kukitia ndani ya glasi ya maziwa ukakitoa. Nikakumbuka mkono mwingine. Tulipooana, Bwana Shee alikwenda mwenyewe kwa fundi kuagiza kitanda. Akakipima kwa shibiri kwa mdomo, fundi akakipima kwa mkono wake, kitanda kikaja kifupi, miguu ya mume wangu ikalala nje mpaka fundi akakiri kosa akakichonga upya. Mkono ule akiniwekea usoni unafunika kutoka kidevu hadi zinapoanzia nywele.

Nikaweka ungo chini.

“Shibiri ya nani?” nikauliza.

Wote wawili wakanitazama kama nimeuliza Makka iko wapi.

“Amekwambia shibiri kumi. Shibiri za nani, Bi Maimuna? Zako au zake?”

Bi Maimuna akakitazama kiganja chake. Akakikunja polepole, akakitia ndani ya leso. Na hapo nikaelewa jinsi ilivyokuwa, na sikuwa na wa kumlaumu. Huyu si mumewe, si ndugu yake. Hawezi kuushika mkono wake akaupima. Hakuwahi hata kuuona ukiwa wazi, ulikuwa chini ya kikoi. Bwana Shee alisema “shibiri” akiuona mkono wake wa zamani, Bi Maimuna akasikia “shibiri” akautazama wake, na heshima ikakaa katikati yao kama ukuta. Ukuta mzuri. Lakini lori halikupita.

Mkono wa kushoto ungetusaidia, ila gumba lake lilikatwa ncha na jeki ya lori lile lile, haupimi kitu. Kwa hivyo ulibaki mmoja.

Nikaenda kupasha mafuta ya simsim.

Niliporudi nikamwambia Bi Maimuna aondoke kwenye kigoda. Akaondoka, akaenda kusimama mlangoni, akatupa kisogo bila kuambiwa. Nikakaa. Nikamtazama mume wangu. Sikuugusa kwanza. Nilijua ninachomwomba: kuutoa hadharani mkono alioficha mwezi mzima, mbele ya mtu pekee ambaye kwake alikuwa bado dereva.

“Nipe,” nikamwambia.

Akatazama dari. Kisha akakivuta kikoi mwenyewe.

Nikaufungua. Gumba kwanza, ndilo kaidi, halafu kidole cha mwisho, halafu hivi vya katikati ambavyo hufuata wenzao. Kwa kawaida huchukua muda wa kupika chai. Leo nilifanya taratibu zaidi, maana alikuwa akiuma meno. Nikaulaza juu ya karatasi, nikaukandamiza kwa viganja vyangu vyote viwili mpaka ukalala bapa. Mkono wenyewe umekonda, ndiyo, nyama imekwenda. Lakini mifupa, subhanallah, mifupa haijapungua hata punje.

“Usinivunje, Mwanaidi,” akasema. “Ndiyo rula yetu.”

Ndiyo rula yetu. Ulisikia? Yetu.

Nikatia alama ya penseli kwenye ncha ya gumba, nyingine kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Nikauinua mkono, nikaufunika, nikaisogeza karatasi ng’ambo ya meza. Ndipo Bi Maimuna akageuka, akaja na rula yake. Shibiri yake ilikuwa sentimita kumi na nane. Ya Bwana Shee, ishirini na tatu.

Akapiga hesabu upya, midomo ikichezacheza. Upana wa kitanda cha lori, kwa shibiri ya mwenyewe. Akachora mstari juu ya karatasi, akayaweka magurudumu juu ya mstari.

Yakakaa ndani, pembeni kabisa, kama yalivyokuwa yakikaa.

Bwana Shee aliyatazama muda mrefu. “Sikulisahau,” akasema. Akanigeukia, macho yamejaa. “Mwanaidi, sikulisahau.”

“Ungelisahau vipi,” nikamwambia, “na mimi hata sijalisamehe!”

Akacheka. Nilimchekesha mimi. Kicheko kile kile cha Alasiri zote, hiki kilikuwa changu.

Baada ya hapo walirudi kazini, na mimi nikiwa nimekaa pale pale kigodani. Bapa zote zinafaa kama zilivyo, unene haukukosewa, maana huo Bwana Shee aliutaja kwa inchi za mafundi na hautegemei mkono wa mtu. Fito za mbao ndizo nyembamba: zilikuja za milimita saba na nusu, tunataka za tisa na nusu, na zikikosekana tutachukua za kumi tuzisugue. Mifereji ya chini vivyo hivyo, iwe mipana zaidi. Ile midogo haitatupwa, itakuwa vyuma vya kukingama katikati ya fremu na ngazi ya kupandia. Ngazi hiyo urefu wake niliutaja mimi. Kipandio cha chini kinafika hapa, nikawaonyesha katikati ya muundi wangu, kwa sababu ndipo buibui langu liliponasa siku ile ya harusi, na kovu lipo. Bi Maimuna akapima muundi wangu bila kuomba ruhusa. Mimi anaruhusiwa kunishika.

Mpwa amepigiwa simu, amelalamika, ameshindwa, ataagiza.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza Bi Maimuna hadi mlangoni. Akavaa viatu, akajifunga buibui, akaniambia bila kunitazama, “Bi Mwanaidi, kesho na mimi nitie tangawizi.”

Kumbe alikuwa akijua siku zote! Na akinywa, na akishukuru.

“Nitakutia,” nikasema. “Na kikombe nitakubadilishia.”

“Na fagio?”

“Fagio tumwachie Mungu.”

Tukacheka mpaka jirani wa juu akachungulia dirishani.

Usidhani wivu umekwisha. Mwiba bado upo, nikivuta pumzi nausikia. Kesho atacheka naye tena, watasema mambo ya gundi na msasa nisiyoyajali, na nitaudhika. Lakini kipimo kikitakiwa, na kitatakiwa kila siku mpaka lori lile liingie kidakani, hakuna mwingine katika dunia hii awezaye kuufungua mkono ule. Nimeupaka mafuta mwaka mzima nikidhani ni adhabu.

Wewe usikawie tena hivi. Ukija mara nyingine pita moja kwa moja, mlango uko wazi baada ya Alasiri. Kaa mkekani, kaa juu ya sanduku, kaa hata kwenye kitanda kile kilichochongwa mara mbili. Lakini kigoda kilicho mkono wa kulia wa Bwana Shee usikiguse. Kina mwenyewe.